Niliamini Simu, Nikafuta Wimbo wa Mwende

Nimekosa. Wacha niseme hiyo mbele, usije ukanihurumia kabla hujasikia.

Mimi ni mama mzee wa huku kando ya Katelembo. Nasuka vyondo, hivi vikapu vya uzi. Shule sikuona hata mlango, kwa hivyo hii maneno natoa na mdomo, mjukuu wangu anaandika. Majina nimebadilisha, hata lake, leo ataitwa Ndanu. Na huyu Ndanu ako ndani ya hii kesi. Akianza kukohoa kohoa namwambia: andika, usiruke!

Kitu moja ujue juu yangu. Mimi naigiza watu. Katekista akipita hapa namsalimia na sauti yake mwenyewe, anageuka kuangalia nani amemuita. Chifu, muuza maziwa, bibi ya muuza maziwa akimgombeza, wote wanakaa kwa hii koo yangu. Watu wanacheka mpaka wanashika miti. Woi, kama ningejua hii koo itanipeleka wapi!

Niko na rafiki. Nilikuwa na rafiki. Mutile. Mimi na yeye tulitobolewa masikio siku moja. Macho yake sasa yameingia ukungu, lakini vidole vinaona, anasuka kyondo hakosi hata uzi mmoja. Mimi ananiita Kasuku.

Sisi wawili tulikuwa na karedio. Kale kadogo kama kipande ya sabuni, kako na memori kadi kwa tumbo. Ukifinya kanaimba zile nyimbo umeweka, hizo tu. Hakaombi bando. Hakaulizi netiwaki. Tulikanunua pamoja, kila mtu aliuza kyondo yake moja, kwa hivyo wiki moja kananing'inia kwa msumari yangu, wiki moja kwa msumari yake. Jumamosi ndio tunabadilishana. Miaka yote hiyo hatukuwahi kugombana juu ya karedio.

Kwa hiyo kadi kulikuwa na nyimbo nyingi za kwaya, na moja ya Mwende.

Mwende alikuwa msichana wa Mutile, wa pekee. Alienda na ugonjwa ya kifua. Kabla augue, alikuwa anajaribu wimbo nje ya jikoni yao, mwalimu wa kwaya akashika sauti yake na simu, na fundi wa Kyumbi anayejazia watu nyimbo akaweka kwa kadi yetu. Anaimba peke yake. Katikati anasahau maneno, anacheka, anaendelea.

Wiki yake ikifika, Mutile anasikiza huo wimbo Jumapili akitoka kanisa. Mara moja tu. Halafu anazima. Kama mtu anakunywa dawa.

Sasa Ndanu akakuja kutoka Syokimau, ameniletea simu ya kioo. Msikie, na susu ndio nyanya: "Susu, wewe bado uko na hii kitu ya kitambo? Hebu cheki! Hapa unataja tu wimbo, inakam. Kila wimbo duniani iko hapa ndani."

Nikamuuliza, "Kila wimbo?"

"Kila wimbo, susu! Yenye unataka."

Mimi nikataja moja ya zamani, ile tulikuwa tunalimia matuta tukiwa wasichana. Ikatoka! Ngai! Nikaruka nikacheza hapo kwa veranda mpaka kuku zikatoroka. Nikataja ingine. Ikatoka! Nikaona karedio kangu hapo kwa msumari kananiangalia kama mume mzee. Nikakacheka.

Halafu simu ikasema imejaa. Ndanu akasema, "Susu, nipe hiyo kadi ya redio tuiweke hapa, space ikuwe kubwa." Akaingiza. Akasoma kitu. Akaniuliza vizuri, siwezi nikamsingizia: "Inasema itafuta zenye ziko ndani. Kuna kitu unataka hapo?"

Na mimi, mdomo mrefu! Nikasema, "Si umesema kila wimbo duniani iko huko?"

"Eeh."

"Basi futa!"

Mnasikia? Wimbo wa Mwende uko duniani. Mimi nimeusikia na hii masikio. Kwa hivyo uko huko. Hivyo ndivyo nilijua. Ndanu, andika, usilie.

Ndanu akarudi Syokimau, mimi wiki moja nikasuka na simu. Kwanza ilikuwa tamu, halafu ikaanza ujeuri. Wimbo uko kwa utamu, kasichana kanaingia na sauti ya asali, "Haaalo mpendwa mteja!" kananiuzia vitu sijui. Bando ikiisha, kwaya yote inakufa na mdomo wazi. Lakini nilikuwa nimeringia kijiji nzima, ningerudia karedio na sura gani?

Jumamosi ikafika. Mutile akakuja na fimbo yake na kyondo yake hajamaliza.

"Kasuku! Leo ni zamu yangu. Lete mtoto."

Nikamwambia, "Achana na hiyo kitu ya kitambo! Kaa hapa. Siku hizi sisi ni watu ya kioo. Taja wimbo yoyote duniani."

Akakaa. Akafikiria kidogo, akasema polepole, "Niwekee Mwende."

Nikaiambia simu, "Mwende!" Ikatoa mwanaume analia ati Mwende amemuacha. Mutile akatikisa kichwa. Nikasema tena. Ikatoa harusi, vigelegele. "Sio huyu, Kasuku." Nikasema tena, nikaongeza jina ya baba yake, nikaongeza kanisa. Ikatoa matangazo ya godoro!

 Nikamwambia naenda kutafuta netiwaki, nikazunguka nyuma ya jikoni nikapigia Ndanu.

"Susu, ile haikuwa kwa internet! Ile ilikuwa imerekodiwa tu, mkaweka kwa kadi!"

"Si ulisema kila wimbo?"

"Kila wimbo yenye watu wameweka, susu. Kwani nani angeweka ya Mwende?"

Nani angeweka ya Mwende. Woi! Nilishika ukuta. Hiyo simu ilinidanganya na sauti tamu, na mtoto wa mtoto wangu akanidanganya bila kujua anadanganya. Lakini mwenye alisema futa ni mimi. Na nilifuta kitu nusu yake haikuwa yangu.

Hapo ndio ningerudi niseme. Maneno mawili tu: Mutile, imepotea.

Sikusema. Skiza chenye nilifanya.

Nilirudi nikasema, "Imepatikana!" Nikasimama nyuma yake kidogo, nikaweka simu karibu na sikio lake. Nikafunga macho. Nikaimba.

Nikaimba na sauti ya Mwende. Huyo msichana nilimbeba mgongoni, sauti yake naijua kuliko yangu. Nikaipandisha pale aliipandisha. Nikasahau maneno pale alisahau. Nikacheka ile kicheko yake, kidogo, ya puani. Nikaendelea mpaka mwisho. Nawaambia, ni mimi naimba na nilisikia nywele zikisimama!

Mutile alikuwa ameweka kyondo chini. Mikono juu ya magoti.  Halafu akauliza, "Na jogoo?"

"Jogoo gani?"

"Akimaliza kucheka, jogoo inawika. Jogoo yangu, ile tulichinja siku ya kumzika. Nasikizanga Mwende, halafu nangoja jogoo."

Mara ngapi nimesikia huo wimbo? Mara mia! Na jogoo sikuwahi kuisikia. Mimi nilikuwa nasikiza sauti ya kuigiza. Yeye alikuwa anasikiza boma yake.

Nikajaribu kusema ati simu za siku hizi zinasafisha, zinatoa kelele ya kuku. Akainua mkono ninyamaze.

"Basi igiza na jogoo, Kasuku. Hiyo haiwezi kukushinda."

Wengine wanashtakiwa na jogoo ikiwika. Mimi nilishtakiwa na jogoo kunyamaza.

Nikaanguka hapo chini, nikasema yote. Kadi, futa, kila wimbo duniani. Alikuwa anakusanya nyuzi zake, moja moja, na vidole. Akapapasa fimbo. Akaniambia, "Ungeniambia imepotea tungelia wawili. Sasa umenifanya nisikie mtoto wangu na mdomo wa mtu anaogopa."

Akaenda.

Kadi nilipeleka Kyumbi. Fundi akasema, "Mathe, hii imeoshwa, na juu yake mkajaza zingine. Hakuna kitu." Mwalimu wa kwaya, ile simu yake ya zamani ilianguka kwa maji. Mlango zote zimefungwa.

Sasa tukikutana kanisa, Mutile ananisalimia vizuri. "Habari yako, mama." Mama! Mtu alinijua kabla niote meno ya ukubwa! Afadhali angenitusi. Na mimi siigizi mtu tena. Juzi muuza maziwa aliniomba nimfanyie chifu kidogo acheke. Sauti ilikataa kutoka.

Karedio nilikatoa vumbi. Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu yake. Nikakachaji, nikakapeleka, nikakaning'iniza kwa mlango wake bila kubisha. Hakana wimbo hata mmoja. Nikapita hapo jioni, kalikuwa hakako kwa mlango. Alikachukua. Hiyo tu ndio naweza kuwaambia, zaidi ya hapo sijui.

Nyinyi mnasoma hii, kama uko na kitu kidogo ya zamani, na iko na sauti ya mtu wako ndani, usiitupe juu umeonyeshwa kitu ingine inajua nyimbo zote. Hiyo kitu haijui mtu wako. Haijui jogoo yako. Na kama kitu ni ya watu wawili, kabla useme futa, enda uulize huyo wa pili.

Na ukipoteza, sema umepoteza. Usiimbe.