Sauti ya Alimasi Siku ya Ijumaa

Abibu alikuwa fundi wa matairi katika depo moja ya malori pale Kolwezi, miaka ile ya Zaire. Kila Ijumaa, akitoka kuswali, aliketi chini ya dirisha la Odile, mama wa foni, ile redio ya kuitana kati ya depo na depo, eti anatafuta kivuli. Saa nane foni ilikoroma, na kutoka depo ya Dilolo ikaja sauti ya kaka yake mkubwa, yaya Alimasi kama alivyozoea kumwita, akitaja magunia ya chumvi na ya samaki wakavu yaliyopakiwa. Abibu aliyasikiliza magunia yale kama mtu anayesomewa barua. Mwishoni Alimasi aliuliza kama mdogo wake yupo. Abibu alitikisa kichwa, na Odile akadanganya kwamba ametoka.

Ilikuwa miaka sita sasa. Mama yao alipofariki, maiti ilingojeshwa hadi alasiri ili mtoto wa kwanza amshushe kaburini. Alimasi hakutokea. Hasira ya siku ile ilikwisha kupoa zamani, ila Abibu aliichochea kila asubuhi kwa kupanga upya maneno atakayomwambia, huku akitamani hata kikohozi cha kaka yake.

Ijumaa moja Odile alimwita ndani. Depo ya Dilolo ilikuwa inafungwa, na Alimasi alikuwa anahamia mahali pasipo na foni.

“Tata Abibu, leo ni ya mwisho. Mi nachoka kudanganya yaya yako.”

Akamwonyesha kitufe: ukikifinya unasema, ukikiachia unasikia, na ukimaliza unasema *à vous*, zamu ya mwenzako. Abibu akafinya.

“Yaya, tulikungoya mupaka alasiri. Haukukuya.”

Maneno yote ya miaka sita yakamtoka. Yalipokwisha aliendelea kukifinya kitufe akingoja jibu, na kwa kuwa hakujibiwa akayaanza upya, kwa uchungu zaidi.

“Tata, achilia kidole,” Odile alisema taratibu. “Ukifinya hivi, utamusikia namna gani?”

Kidole kilikuwa kimekufa ganzi. Akakiinua. Kumbe Alimasi alikuwa anajibu kitambo. Kilichobaki kilikuwa mkia tu.

“…siku mbili ku gare ya train, mudogo yangu, na sanda ya mama mu mikono, haikukuya. À vous.”

Abibu akafinya tena.

“Yaya, sikusikia. Anzia mwanzo, yote. À vous.”

Akaachia kitufe, akainama hadi sikio likagusa mashine.