Blanketi la Vyama Vyote

Mwalimu Andongwisye alistaafu kazi lakini hakustaafu kusema. Miaka thelathini na miwili alifundisha sayansi kimu katika shule ya msingi kule Ikuti, na katika miaka hiyo yote hakuna mtoto aliyetoka darasani kwake bila kujua mambo mawili: namna ya kushona kifungo, na maoni ya Mwalimu juu ya serikali. Enzi za chama kimoja maoni hayo aliyatoa kwa sauti ya chini huku amebana pini mdomoni, hata mkaguzi akadhani anahesabu mishono. Vyama vingi vilipokuja, akatema pini.

Aliishi mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu, pamoja na mumewe, Mzee Hosea, mkulima wa chai na ndizi ambaye pia alikuwa balozi wa nyumba kumi. Mzee Hosea alikuwa mtu wa chama hasa. Aliamini kwamba mambo yote yanakwenda vizuri, na yale yasiyokwenda vizuri yako njiani.

Soko huria lilileta vitu vingi Rungwe. Lilileta mitumba, likaleta redio za kila namna, likaleta hata maji ya chupa katika wilaya ambayo mvua haina likizo. Lakini kitu pekee kilichomfikia kila mtu bila kulipiwa kilikuwa nguo za kampeni. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2005, Mwalimu alifungua kabati kutafuta shuka, zikamwangukia khanga za chaguzi tatu, fulana kumi na moja, kofia, na vitambaa vya kichwa vya vyama ambavyo viwili kati yake vilikuwa vimekwisha kufa. Alizitazama pale sakafuni. Baridi ya Tukuyu haichagui chama. Akachukua mkasi.

Alikata viraka vya inchi sita kwa sita, akaviunganisha safu kwa safu, katikati akaweka mablanketi makuukuu, chini akatia bitana. Nia yake ilikuwa blanketi la kitanda kimoja. Lakini majirani waliposikia, kila mmoja akaja na mzigo wake wa khanga za wagombea, na Mwalimu hakujua kukataa kitambaa. Kufikia mwaka 2009 blanketi lilikuwa limefika futi kumi kwa kumi na mbili, na hapakuwa na kitanda wilaya nzima ambacho kingeweza kulibeba.

Mwaka huo ndipo alipokwenda kutoa nakala za fomu za pensheni kwenye duka la intaneti la Rahim, karibu na stendi. Duka lilikuwa na kompyuta tatu, na msimamizi wake alikuwa Najat, binti mkubwa wa Rahim, aliyesomea mambo hayo Mbeya. Mwalimu akamkuta anatazama picha ya blanketi la viraka.

"Ni la nani hilo?"

"Ni la mama mmoja wa ng'ambo, Mwalimu. Ana blogu ya ushonaji. Anaonyesha kazi zake, anaandika mawazo yake, watu wanasoma dunia nzima."

Mwalimu akavaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kioo. "Mishono imepinda," alisema. "Nifungulie na mimi."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa blogu ya *Sindano ya Tukuyu*. Wasomaji wa kwanza walikuwa saba, na watano kati yao Mwalimu aliwajua kwa sura. Andiko la kwanza lilifundisha jambo moja tu, nalo lilikuwa na kichwa cha herufi kubwa: FUA KITAMBAA KABLA YA KUKATA. Alieleza kwamba kitambaa kipya hakiaminiki, kitatoa rangi na kusinyaa, na kwamba mtu mwenye akili hukiloweka kwanza akaona tabia yake. Akamalizia hivi: "Na mgombea naye ni vivyo hivyo, ila sisi humvaa kwanza ndipo tunamfua."

Andiko la pili lilihusu uzi, na kidogo bei ya majani mabichi ya chai. La tatu lilihusu bei ya majani mabichi ya chai, na kidogo uzi. Kufikia la kumi, lililoitwa "Namna ya Kukunga Pindo", aya nne zilikuwa juu ya ubinafsishaji, moja juu ya vita vya nchi ambayo Mwalimu hakuwahi kuiona hata kwenye ramani ya darasani, na pindo lenyewe likapata sentensi mbili mwishoni. Msomaji mmoja wa Njombe akaandika: "Bibi, tumekuja kushona. Siasa waachie wenyewe."

Mwalimu alimwamuru Najat aandike jibu palepale. "Mwambie: wenyewe ni akina nani?"

Watu wakaanza kujibizana chini ya pindo. Wengine walisema Bibi ametumwa na wapinzani, wengine wakasema ametumwa na chama tawala kuwachunguza wapinzani. Mmoja tu aliuliza pindo linakungwa kwa sindano namba ngapi, na hakujibiwa. Mwalimu alikuwa anahesabu maoni. Siku yakiwa ishirini alitembea kwa madaha mpaka nyumbani, siku yakiwa matatu alilalamikia mgongo.

Mwaka 2010 kampeni zilipoanza, Mzee Hosea alijiandaa kwenda kwenye mkutano. Alipekua kabati, akapekua sanduku, akatazama hata chini ya kitanda.

"Mama Hellen, fulana yangu iko wapi?"

"Ipi, Baba Hellen?"

"Ya chama."

"Ya mwaka gani?"

"Ile nzuri. Ya mwaka 2005."

Mwalimu hakuinua macho kwenye cherehani. "Iko safu ya nne, kiraka cha saba. Katikati ya wapinzani wawili."

Mzee Hosea aliketi kitandani. "Mwe, mwanamke huyu," alisema mwishowe, akaenda mkutanoni na shati la kanisani.

Huko mkutanoni ndiko alikotangaza, kwa majivuno ambayo hakuweza kuyazuia, kwamba mkewe anashona blanketi lenye sura za wagombea wote. Siku tatu baadaye gari lenye matope lilisimama mlangoni, akashuka Ackson, diwani aliyekuwa anagombea tena.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Ackson. Kifungo chako cha pili kimelegea."

Ackson alikishika kifungo haraka. Mwalimu ndiye aliyemfundisha darasa la tano, na Ackson alikuwa bado anamwogopa. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, picha ya blanketi iliyochapwa kutoka kwenye blogu.

"Mwalimu, nimeambiwa uso wangu uko miguuni."

"Blanketi halina miguuni mpaka mtu alale."

"Sasa Mzee analala kichwa upande gani?"

"Upande wa dirisha."

Ackson aligeuza karatasi hivi na hivi. "Basi niko miguuni."

"Kwenye ukurasa huohuo niliandika aya tatu juu ya kivuko cha kijijini Suma," Mwalimu alisema. "Wachuma chai wanavuka mto na mizigo kichwani tangu daraja lisombwe. Ulisoma?"

"Nilisoma, Mwalimu. Maandishi mazuri sana. Yaani, nilisomewa. Yaani, picha nilionyeshwa."

"Na daraja?"

"Daraja liko kwenye mchakato."

"Mchakato una urefu wa mita ngapi? Maana mto una kumi na mbili."

Ackson alicheka kama mtu aliyekanyagwa, akaacha fulana mpya mbili zenye sura yake na kuomba zitafutiwe nafasi ya heshima. Hazikupita siku mbili akaja Godwin, mgombea wa upinzani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na ndevu alizozitunza kuliko duka. Yeye hakudai kichwani. Alichotaka ni kutowekwa jirani na Ackson.

"Wafuasi wangu watadhani tumeungana, Mwalimu."

"Kwani mnatofautiana nini?"

Godwin alifikiri. "Rangi," alisema. Naye akaacha fulana mbili.

Laiti Mwalimu angebaki na hasira yake ya siku zote, mambo yangekwenda sawa. Lakini alifurahi. "Siku hizi wanakuja nyumbani," alimwambia Najat, akijifanya analalamika. Akaandika kwenye blogu kwamba blanketi litakamilika na kuonyeshwa katika ukumbi wa kanisa, Jumamosi ya mwisho kabla ya kura, na kwamba wagombea wote wawili wamekaribishwa. Hakumwahidi yeyote chochote, ila kila mmoja alikuwa ametoka kwake akiamini amekipata alichotaka.

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Alishona asubuhi mpaka jioni, chakula akaletewa na mumewe penye cherehani. Zile fulana mpya alizikata siku ileile zilipoletwa na kuzitia katikati, Ackson mmoja, Godwin mmoja, Ackson, Godwin, kwa haki sawa. Jumanne akakunga pindo la mwisho. Alilitandaza blanketi uani juu ya majani ya migomba yaliyokatwa, akalizunguka mara mbili. Lilikuwa zuri. Lilikuwa na chaguzi zote tangu 1995, walioshinda na walioshindwa na waliohama.

Lilikuwa pia na vumbi la miaka mitano na mafuta ya cherehani. Jumatano akalifua.

Walilikanyaga kwenye pipa lililokatwa nusu, yeye na Mzee Hosea na jirani mmoja, na dakika kumi hazikupita maji yakageuka rangi ya tope la barabara ya Suma. Walipolitoa, safu za pembeni zilikuwa salama, kwa sababu khanga zile zilikwisha kufuliwa miaka mingi. Katikati ndiko kulikoharibika. Rangi ya chama hiki ilikuwa imehamia chama kile. Na kwa kuwa blanketi lilikunjwa likiwa limelowa, sura zilikuwa zimelaliana zikachapana: Ackson alikuwa amepata ndevu za Godwin, na Godwin, chini ya ndevu zake, alikuwa anatabasamu tabasamu la Ackson.

Mwalimu aliketi juu ya ndoo.

"Hukuzifua kabla," alisema Mzee Hosea taratibu.

"Najua."

"Uliwaandikia watu kwa herufi kubwa."

"Najua, Baba Hellen."

Mzee Hosea aliyekuwa amepoteza fulana yake angeweza kucheka siku hiyo, na dunia isingemlaumu. Badala yake alishika ncha moja ya blanketi. "Shika huko," alisema. "Tulikamue. Lina maji fijo, maji mengi."

Mwalimu alitaka kufuta maonyesho. Alikwenda dukani kwa Najat kuandika kwamba anaumwa. Akakuta maoni sitini na mawili ya watu wanaosema watakuja, wengine kutoka Kyela na Mbeya mjini. Akarudi nyumbani bila kuandika neno.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Blanketi lilitandazwa juu ya mabenchi, na watu wakalizunguka wakitafuta wanaowajua. Ackson aliingia na wapambe wake kwa mlango wa mbele, Godwin na wa kwake kwa mlango wa nyuma, wakakutana katikati kabisa, kila mmoja akijitafuta. Kisha mama mmoja kutoka Suma, aliyevaa mabuti ya mpira, aliinama akatazama, akainua kichwa na kusema kwa sauti ya shambani:

"Kumbe ni mtu mmoja!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Ackson alipiga hatua kuelekea mlangoni, na Godwin naye, na hapohapo mvua ikashuka juu ya bati. Si mvua ya kukimbia, ni ile ya Rungwe inayomfanya mtu aheshimu paa. Walinaswa humo saa moja na nusu. Na kwa kuwa hapakuwa na jukwaa, wala kipaza sauti, wala muziki, wanawake wa Suma waliwasogelea na kuuliza mambo ya daraja. Ackson alitamka mchakato. Wakamuuliza Godwin, naye akatamka mkakati. Yule mama wa mabuti akamuuliza kama dukani kwake kuna misumari ya inchi sita. Godwin akakiri kwamba ipo. Mama akamgeukia Ackson kumuuliza kama ana gari la kubebea mbao. Lilikuwa nje, kila mtu alikuwa amelipita.

Mwalimu alisimama pembeni, na hakusema chochote. Waliokuwepo wanaapa hivyo mpaka leo.

Ackson alishinda kwa kura chache. Misumari ilipatikana kwa kuwa Godwin aliona aibu mbele ya wateja, mbao zilibebwa kwa kuwa gari lilikuwa limeonekana, na daraja lilijengwa na watu wa Suma wenyewe kwa wiki tatu. Siku ya kulifungua, diwani alikata utepe na kutaja utekelezaji wa ilani. Wachuma chai walikuwa wamekwisha kulipita tangu alfajiri.

Kwenye blogu Mwalimu aliandika andiko fupi lenye kichwa "Sikufua". Alieleza kosa lake lote, mshono kwa mshono, bila siasa hata kidogo. Ndilo lililosomwa kuliko yote, na maoni karibu yote yaliyofuata yalikuwa ya siasa.

Mwaka uliofuata wajumbe walimfuata, kwanza wa chama kimoja kisha wa kingine, wakimtaka agombee viti maalumu uchaguzi ujao. Aliwapa chai na viazi, akawauliza kazi yake itakuwa nini. Wakasema, kuhamasisha akina mama. Akauliza kama ataruhusiwa kusema. Wakasema bila shaka, hotuba ataletewa imeandikwa. Mzee Hosea alikohoa na kwenda kutazama migomba.

"Niacheni kwanza," aliwaambia. "Siku ya Jumanne nina wanafunzi."

Wanafunzi walikuwa wanawake tisa wa Suma waliokuja kujifunza viraka barazani kwake. Walikuwa wepesi wa sindano, ila hawakunyamaza: kabla uzi haujapita tunduni walikuwa wamekwisha kugombana juu ya bei ya mbolea. Mwalimu aliwasikiliza siku ya kwanza, ya pili, ya tatu akagonga meza kwa mkasi.

"Akina mama," alisema, "tumekuja kushona."

Wakamtazama wote tisa, kisha wakaendelea na mbolea.