Tutawaombea Maji

Kosa langu la kwanza, na nililifanya kabla hata hatujavuka mpaka, lilikuwa kujitangaza kwamba najua Kiswahili. Naona haya kuliandika hili, kwa sababu Kiswahili nimekisema tangu utotoni hapa Nakuru, lakini cha kwetu mnakijua, nusu tunaokota njiani, na niliposikia kanisa letu linatuma watu sita Tanzania kwa huduma ya siku kumi, nilijifungia miezi mitatu na kamusi na redio za Tanzania kwenye simu (sikufundishwa na mtu, na nilikuwa naringa kwa hilo), nikajaza madaftari mawili, na tulipopanda basi nikawa mwalimu wa wenzangu. Kule hakuna "nipe chai", niliwaambia, kule ni "naomba chai", kila kitu kinaombwa. Mchungaji Wafula, kiongozi wetu, akacheka: "Basi wewe ndiye utakayesema kwa niaba yetu." Badala ya kukataa nikaitikia amina.

Tulifika Masasi miguu imevimba, tukalala, asubuhi tukapanda gari la Newala, na mchana tukawa katika kijiji kimoja upande wa Mnyambe, kwa mwinjilisti anayeitwa Baba Neema. Kazi yetu ilikuwa kupaka kanisa rangi, kufundisha watoto na kutembelea wagonjwa. Siku ya pili wanakijiji, Waislamu kwa Wakristo, walikusanyika uwanja wa shule kutukaribisha, na kila mama aliyesimama alisema habari ya maji: bomba likitoa wiki moja linakauka miezi, na wao wanashuka bondeni alfajiri na kupanda mlima na ndoo kichwani jua likiwa limeshachoma. Mama mmoja, Mama Hadija, alisema ameipanda njia ile tangu ana mimba ya Hadija, na Hadija mwenyewe sasa ana watoto wawili.

Ikawa zamu yangu kufunga. Nilikuwa nimeandaa hotuba, nimeikariri mpaka vituo vyake, lakini moyo uliniuma nikaiacha, nikasema, "Wazazi wetu, tumesikia. Tutawaombea maji. Tutaomba bila kuchoka mpaka maji yafike hapa."

Vigelegele vilivyopigwa hapo Mchungaji Wafula hakupata hata robo yake kwa mahubiri ya saa nzima. Nilikaa chini nikimshukuru Mungu kwamba kumbe bado kuna watu wanaothamini sala kiasi hiki.

Kesho yake asubuhi mwenyekiti wa kijiji, Mzee Issa, alinifuata kanisani na bahasha ya kaki. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akanikabidhi bahasha kwa mikono miwili.

"Maombi yetu haya. Kaya zote zimo, na muhuri nimegonga."

(Nikawaza, jamani, watu wana utaratibu hawa, hata sala wanaigongea muhuri.)

"Nitayafikisha leo hii, mzee."

"Leo hii?" Akamtazama Baba Neema aliyekuwa amesimama na kopo la rangi. "Bila kupitia kwa mtu?"

"Moja kwa moja. Sisi hatuna haja ya kupitia kwa mtu."

"Alaa! Na huyo wa kujibu ni mkubwa?"

"Hakuna aliye juu yake."

"Basi tumepata mtu," akasema, akaondoka anatembea kama kijana.

Bahasha sikuifungua, nikiona ni siri za watu na Mungu wao. Tuliiweka mezani, sote sita tukaiwekea mikono, tukaomba mpaka Mchungaji akapata kikohozi. Jioni Baba Neema akaja taratibu, anajikuna shingo.

"Ndugu yangu, samahani. Mzee anauliza huyo mkubwa wenu yuko Dodoma au Nairobi?"

Nikaifungua bahasha. Ilikuwa barua, imeandikwa kwa mkono safi kabisa, na juu yake: YAH: MAOMBI YA KUCHIMBIWA KISIMA NA KUJENGEWA TANGI LA MAJI. Aya ya pili ilisema eneo limeshapatikana karibu na shule, limetolewa na Mama Hadija, na kwamba litasafishwa. Neno hilo, litasafishwa, nililisoma nikalipita.

"Baba Neema," nikasema, "mimi nilimaanisha sala."

"Wao wamesikia utakwenda ofisini kuwaombea. Twende tukamwambie mzee sasa hivi, nyumba yake si ile pale?"

Na hapa ndipo nilipoamua kale kajambo kadogo kalikoniharibia kila kitu. Nilisema, "Ngoja kwanza niandike vizuri." Maana niliona siwezi kusimama mbele ya wazee na maneno ya kubabaisha, lazima niseme bila kuwadharau, na bila kuifanya sala ionekane si kitu, na bila kanisa letu kuonekana waongo, na (nakiri) bila mimi kuonekana mjinga. Kesho yake wenzangu wamepanda ngazi wanapaka rangi, mimi nimekaa darasani naandika. Niliandika mara nne. Saa nzima nilipima kama niseme "nilikosea" au "hatukuelewana", nikachagua la pili.

Asubuhi iliyofuata, naandika nakala safi, Faith mwenzetu akachungulia dirishani, brashi mkononi. "Mbona wanakata miti huko nyuma ya shule? Wanasema ni ya tangi lako."

Nilikimbia na karatasi mkononi, ndala moja ikabaki njiani. Eneo la Mama Hadija lilikuwa na mikorosho mitatu mikubwa. Mmoja ulikuwa chini, maua yake bado mabichi, na wa pili ulishapigwa shoka gome likabanduka. Kijiji chote kilikuwepo, wengine na majembe.

"Acheni! Acheni! Hakuna tangi!" Hotuba niliyoiandika mara nne, sikukumbuka hata neno lake moja. "Nilisema tutawaombea, nilikuwa na maana ya sala. Kwa Mungu. Barua sijaipeleka popote."

Mwenye shoka akasema, "Kumbe ni dua!" na watu wakacheka, kicheko cha kuchoka, kisichokuwa na furaha.

Mzee Issa hakucheka. "Kijana, dua tunazo. Msikiti ule pale, na kanisa ndilo hilo mnalopaka rangi. Tulichokosa ni mtu wa kutusemea."

Mama Hadija alikuwa ameketi kwenye shina lililoanguka. "Umejua lini kwamba tumekuelewa vibaya?"

"Juzi jioni, mama."

"Juzi. Na mkorosho umekatwa leo." Hakupandisha sauti. "Sasa kutoka juzi ulikuwa unafanya nini?"

Nikamwonyesha karatasi.

"Nisomee."

Nilitamani ardhi inimeze, lakini nikasoma, mbele ya kijiji kizima na mguu mmoja peku. "Wapendwa wazazi wetu, lugha ni daraja kati ya mioyo, lakini wakati mwingine hatukuelewana..." Alisikiliza mpaka mwisho, watoto wananyamazishwa ili asikie.

"Umeandika vizuri," akasema. Hakuwa ananikejeli, na afadhali angenikejeli. Akainuka, akaanza kukusanya matawi ya kuni.

Mchana ule mimi na Mzee Issa tulipanda bodaboda mpaka Newala mjini, tukafikisha barua ofisini. Karani akaipokea, akasoma kichwa cha habari, akaiweka juu ya nyingine. Siku zilizobaki nilipaka rangi na kunyamaza, na siku ya kuondoka nilipita kwa Mama Hadija kumwomba radhi tena, nikampa shikamoo. Aliitika marahaba, akaendelea kupepeta.

Mwaka umepita. Baba Neema ananiambia kwa simu kwamba barua haijajibiwa, na Mama Hadija bado anashuka bondeni, na msimu uliopita alivuna mikorosho miwili. Mimi sijasema tena kwa niaba ya watu. Nikikosea, nasema saa hiyo hiyo, kwa maneno yoyote yaliyopo mdomoni, na mara nyingi yanatoka vibaya.