Udongo wa Korongoni

Mablanketi kumi na moja yalirudishwa siku ya Jumanne, yamefungwa kamba kama wezi. Yalipotoka katika chumba hiki cha wafumaji mwaka uliopita yalikuwa mekundu kiasi cha kumfanya mtu apunguze sauti akiyatazama. Sasa yalikuwa yamechujuka, yana rangi ya ufizi wa mgonjwa. Katibu wa kikundi alitandaza moja juu ya meza ya kukatia, akasoma barua ya mwenye duka: yamechuja kwenye maji ya kwanza, yameharibu mashuka ya watu.

Wanawake waliacha vitanda vyao vya kufumia, wakaizunguka meza. Mwalimu wao, mjane wa miaka sitini na minane waliyemwita Mama Rangi, hakuinuka. Aliendelea kusokota sufu, macho kwenye vidole.

"Nani alikuwa kwenye chungu cha rangi?" katibu akauliza, ingawa alijua.

"Mimi," akajibu mke wa mtoto wa pekee wa Mama Rangi, binti mwembamba ambaye kila siku huwahi kufika kazini kuliko wote.

"Labda maji hayakuchemka."

"Yalichemka."

"Labda ulikuwa na mawazo," akasema mama mnene wa dirishani, ambaye kwa kutonyamaza kwake aliitwa Redio. "Ndoa changa hiyo. Mkono unakoroga chungu, moyo uko nyumbani unakoroga mengine."

Wakacheka. Mkwe naye akacheka kidogo, kama mtu aliyekanyagwa na mgeni. Kisha akageuka. "Nilifuata yote aliyonifundisha mama. Si ndiyo, mama?"

"Ulifuata," akasema Mama Rangi.

Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo maana ilimchoma. Alikuwa amewafundisha kuchagua mizizi, kuitwanga, kupima moto, kugeuza sufu isigandamane. Ila hakuwaambia kwamba kabla ya chungu sufu hulazwa kwenye maji ya udongo mweupe, mchachu, unaochimbwa kwenye korongo chini ya nyumba yake. Bila udongo huo rangi hukaa juu juu tu, kama vumbi. Siku ya kwanza alijiambia amesahau. Siku ya pili alijiambia atasema wiki ijayo. Sufu zake mwenyewe alizilaza nyumbani, akaja nazo tayari, na zilipotoka chunguni zikiwaka watu walisema, "Huo ni mkono wa Mama Rangi." Maneno hayo yalimwingia mwilini kama jua la asubuhi. Mume hakuwepo, magoti yalikuwa yamekwisha; akiwapa na udongo, nani angemngojea mlangoni?

Kikao hakikuchukua muda. Mkwe aondolewe chunguni, akafunge matamvua. Akavua aproni yake iliyojaa madoa, akaikunja vizuri, akamkabidhi katibu. Mama Rangi aliona kila mkunjo. Uzi ukamkatikia mkononi.

Walirudi nyumbani pamoja, mkwe mbele, akisimama kila kwenye mwinuko kumngojea. Walipofika juu ya korongo akageuka, macho yamemwiva.

"Nisamehe, mama. Nimekuaibisha mbele za watu."

Mama Rangi alitaka kusema. Alitazama chini, mahali udongo ulipong'aa kati ya mawe kama kitu kisicho na hatia. "Twende," akasema. "Mguu unaniuma."

Asubuhi aliteremka korongoni peke yake, akafika kazini amechelewa, ndoo kichwani, matope hadi magotini. Akaitua ndoo mezani.

"Rangi haishiki bila udongo huu," akasema. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Niliwaficha."

Redio alisogea kutoka dirishani, akaitazama ndoo. Halafu akauliza polepole, "Na jana, mtoto wa watu akivuliwa aproni, wewe ulikuwa umekaa pale unasokota?"

"Nilikuwa nimekaa pale."

Mkwe aliinuka kwenye matamvua. Mama Rangi alijiandaa kwa kelele, hata kwa kofi. Angelipokea kama maji ya kunywa. Lakini binti alichovya kidole kwenye ndoo, akausugua udongo, akaunusa.

"Sufu inalala humu siku ngapi?"

"Mbili."

"Maji ya baridi?"

"Vuguvugu. Kisha unayaacha yapoe yenyewe."

"Na kingine?"

"Hakuna kingine."

Ilikuwa kweli. Mkwe alimtazama mdomo, si macho, kama mtu anayehesabu nyuzi za kitambaa alichouziwa. Kisha akawageukia wenzake.

"Tujaribu kwanza kipande kidogo," akasema. "Tukifue mara tatu. Ndipo tutajua kama amesema yote."

Akaichukua ndoo, akatoka nayo uani, na wengine wakamfuata.