Ukurasa Nilioruka

Nakumbuka siku moja ambayo ningeiuza kwa bei yoyote, mwanangu, ila sijapata mnunuzi. Ilikuwa miaka ya tisini, kwetu Kitengela, wakati nyasi bado zilianzia mlangoni na kuishia pale macho yanapochoka. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na karo ya chuo haikuwepo. Baba alikuwa amepata mtu wa Nairobi wa kununua ardhi, yote, mpaka mtoni. Jioni hiyo alikuwa bado hajasema ndiyo.

Nyanya yangu, tuliyemwita Kokoo, alijifunza kusoma uzeeni, kwenye darasa la ngumbaru. Alikuwa na riwaya moja kuukuu isiyo na jalada, akairudia miaka na miaka mpaka macho yakaingia ukungu. Tangu hapo mimi ndiye niliyemsomea. Nilimchokoza, "Kokoo, hiki kitabu si ulikimaliza zamani?"

"Umeona ng'ombe akila mara moja?" akasema. "Kwanza anameza tu. Utamu ni akicheua."

Siku hiyo akaniambia nisome pale mwenye shamba anapojiwa na mnunuzi, na akamwita Baba akae asikilize. Nilikijua kile kipande. Yule bwana hapunjwi, mwanangu. Anapata bei nzuri. Hata mimi ninayehesabu chenji mara mbili nisingepata ya kumwongezea. Kisha kiangazi kinaingia. Anaenda kwenye kisima alichochimba kwa mikono yake, anapewa kikombe cha maji na kibarua wa tajiri, anasema ahsante. Basi. Hakuna anayelia katika ukurasa huo.

Baba alikuwa mtu wa kusikia hadithi ikamwingia. Nikaiwaza karo yangu, nikautazama ule ukurasa. Nikafunua karatasi mbili kwa pamoja, nikatoka kwenye mapatano moja kwa moja hadi kwenye karamu.

"Umeruka," Kokoo akasema.

"Sijaruka, Kokoo."

"Kuna maji hapo. Msomee baba yako hayo maji."

Baba akacheka. "Yeyo," akamwambia mama yake, "aliyeenda shule hapa ni nani, wewe ama yeye?"

Baba alipotoka ndipo Kokoo aliponigeukia. "Macho yangu yamefungwa na Mungu," akasema. "Ya baba yako umeyafunga wewe."

Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Uongo. Mwenye macho ndiye wa kuambiwa.

Ardhi ikauzwa. Chuo nilienda, cheti kimetulia sandukuni, nami niko sokoni nabishania bei ya mitumba na watu walio na vyeti vyao pia. Nyua ziliota kuliko nyasi. Ukame ulipotupiga mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilimsindikiza Baba na ng'ombe waliobaki mpaka kwenye geti lililoziba njia ya mtoni. Askari, kijana mpole, akasema ng'ombe hapana, lakini mzee anaweza kupata maji ya kunywa. Baba akapokea kikombe, akasema ahsante. Hakujua yuko ukurasa gani. Mimi nilijua.

Ng'ombe walikwisha. Kokoo alipofariki hatukuwa na pa kumlaza. Tulimzika makaburi ya umma, kule Kajiado, kati ya watu asiowajua.

Nawe sasa waniambia mtihani umeisha, kwa hivyo zile riwaya za zamani umpe muuza njugu afungie. Sikufichi, kitabu hakitakurudishia kitu. Ile ya Kokoo naisoma kila mwaka, na haijaleta nyumbani hata kwato. Lakini nilipokuwa msichana nilimwona mnunuzi tu. Nilipoolewa nikamwona mwenye shamba. Juzi juzi, na mvi hizi, nimemwona mkewe, aliyesikia mapatano yote akaendelea kuchambua mboga. Alikuwepo muda wote. Ni mimi nilikuwa sijafika.

Basi sikia, mwanangu. Vya zamani visome ungali na kitu cha kupoteza, maana maji yakimwagika hayazoleki. Usome ujanani, usome tena ukizaa, tena ukizika. Na ukifika panapouma, paza sauti, hata kama anayesikiliza ndiye atakayekulipia karo.

Mungu akupe macho ya kudumu. Na yakichoka, akupe mtoto mkweli wa kukusomea.