Mama Alipokaa Kwenye Drafti

Mama yangu anauza wali pale Tinde, kando ya barabara kuu, tangu nikiwa darasa la pili. Mkabala na kibanda chake kuna baraza la duka la pembejeo, na kila alasiri wanaume hukusanyika hapo kucheza drafti. Wana ubao wa plaiwudi uliopigwa rangi, vizibo vya soda vya aina mbili na mabenchi mawili. Baba akishawanywesha ng'ombe, huishia hapo. Mtu akija kumuulizia, mama hujibu bila kinyongo, "Yuko kwenye drafti," kama vile anavyosema yuko shambani.

Yeye mwenyewe hakuwa na mahali pa namna hiyo. Kwaya aliiacha alipozaliwa mdogo wangu wa mwisho. Hata msibani, wenzake wakiwa wameketi kwenye mikeka, yeye alikuwa nyuma ya nyumba akisugua masufuria.

Miaka miwili iliyopita goti lake la kushoto lilivimba. Tabibu akamwambia asisimame sana kwa miezi miwili. Baba akanipigia simu.

"Njoo umchukue," alisema. "Akibaki hapa atasimama tu."

Nikaenda. Tukapanda basi hadi Kahama, tukaunganisha mpaka Geita, ambako nimepanga vyumba viwili Kalangalala na nina cherehani yangu sokoni.

Wiki ya kwanza ilinichosha kuliko kazi. Nikirudi jioni nilikuta mchele umechambuliwa mara mbili, vyombo safi vimeoshwa tena, na uwanja wa wapangaji wote umefagiwa. Nikimuuliza goti linaendeleaje, anasema linaendelea. Siku moja nilimwambia, "Mama, umekuja kupumzika."

"Najaribu," alisema. "Nikikaa naona kama kuna mtu ataniita."

Katika nyumba hiyo tulipanga pamoja na mzee mmoja mstaafu, Msukuma mwenzetu, aliyekuwa dereva wa malori mgodini huko Bugarama. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Kila alasiri alitoa meza ndogo barazani, akapanga drafti, na asipopata mtu alicheza mwenyewe pande zote mbili. Alimsalimia mama kwa Kisukuma, "Mwadela, mayu," mama akaitikia, kisha akaendelea na ufagio wake.

Jumamosi moja niliwahi kurudi kwa sababu umeme ulikatika sokoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, ungo mapajani. Mzee alinyoosha mkono kusogeza kete.

"Ukisogeza hiyo unaliwa mbili," mama alisema.

Mzee akaurudisha mkono. Akautazama ubao kwa muda, akamtazama na mama.

"Unacheza?"

"Sichezi. Naona tu."

"Basi njoo uone kwa karibu."

Nilidhani atakataa. Akauweka ungo chini, akasogeza kigoda. Mchezo wa kwanza alifungwa, maana mkono wake ulikuwa unasita; alikuwa anashika kete kama kitu cha mtu. Wa pili alimpa mzee kete moja makusudi. Kwenye drafti ukipewa lazima ule, na mzee alipokula, mama akamla tatu kwa mkupuo akaingia kingi. Mzee akacheka taratibu, akapanga upya.

Nilimuuliza mama alijifunzia wapi.

"Tinde," alisema. "Miaka yote hiyo nikisubiri wali ukauke, nilikuwa naangalia wapi? Baba yako namjua anavyocheza. Ana haraka upande wa kulia."

Kuanzia hapo walicheza kila siku. Mzee alimweleza kwamba zamani yeye pia alikuwa hawezi kukaa. Mgodini walikuwa na zamu, na siku za mapumziko zilikuwa zimeandikwa kwenye ratiba, utake usitake. "Mwanzoni nikirudi nyumbani nilikuwa natafuta cha kufukua," alisema. "Mke wangu ndiye alinifundisha. Akaninunulia ubao huu." Mama alisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye kete. Uvimbe ukapungua. Alianza kulala mchana, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Miezi miwili ilipokwisha nilimrudisha Tinde. Haukupita muda baba akanipigia.

"Mama yako amekuja kukaa kwenye drafti."

"Amekaa tu?"

"Amecheza. Amemfunga fundi baiskeli."

"Na wewe?"

"Niliondoka."

"Kwa nini, baba?"

"Sikujua nikae wapi," alisema, na nikasikia kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa amepotewa na kitu alichokizoea.

Nilimpigia mama. Aliniambia maneno yalikuwepo, ila si mengi. Mwanamke mmoja wa jumuiya yao alimuuliza kama amekosa kazi. "Nikamwambia kazi nimeimaliza saa nane, wali umeisha na masufuria yameoshwa." Kuhusu baba alisema, "Anakaa nyumbani, anaangalia kuku. Sijamkataza kuja."

Sikukuu ya Pasaka nilikwenda kuwaona. Jumatatu alasiri nilimsindikiza mama barazani. Wale wanaume walimpisha kwenye benchi bila maneno, kwa hiyo nilijua walishazoea. Alikuwa anacheza na fundi baiskeli, na alikuwa amebanwa, kete zake zimesongamana pembeni. Nilipogeuka nikamwona baba amesimama nyuma yetu, mikono mgongoni.

"Anza na ile ya upande wa ukuta," alisema kwa sauti ndogo.

"Nimeiona," mama alijibu bila kugeuka.

Aliisogeza. Akajinasua, ingawa mwishoni alifungwa. Mteja akaja na baiskeli iliyopasuka tairi, fundi akanyanyuka, na benchi la mbele ya mama likabaki wazi. Hakuna aliyelikalia. Baba alingoja kidogo, kisha akaketi.

Mama alimpangia kete zake. Wameoana miaka thelathini na moja, na sikumbuki kuwaona wakikaa mchana wakitazamana bila chakula katikati yao. Kwetu baba hukaa na wanaume wenzake, mama na kazi, na wanaongea wakipishana. Nilisimama pale nikajikuta sijui mikono yangu niiweke wapi.

Baba alishinda miwili, mama mmoja. Njia nzima ya kurudi nyumbani walibishana kuhusu kete moja ya mchezo wa tatu, kama baba alilazimika kula au la. Walipofika, baba alichora miraba ardhini kwa kijiti ili aonyeshe alichomaanisha. Mama akainama akaufuta mmoja, akasema huo haukuwepo.

Sasa pale barazani kuna benchi la tatu. Wanawake wawili wanaouza nyanya hukaa hapo saa za jua kali, mmoja anacheza, mwingine anasema bado anaangalia. Mama bado anauza wali na goti bado linamsumbua nyakati za baridi. Nami nimeanza kuipumzisha cherehani Jumapili baada ya ibada. Huwa nakaa kwenye baraza letu la Geita na yule mzee, ananifunga, ananipangia tena.