Abiria Ambaye Satelaiti Hazikumwona

Nilikuwa ndani ya gari, jipu jeupe la kazini, mimi mwenyewe, na jua lilikuwa la saa sita mchana. Nataja mchana makusudi, kwa sababu watu wakisikia habari za namna hii huuliza kwanza: ilikuwa usiku? Ulikuwa umekunywa? Hapana. Pombe sinywi. Tena mimi ni mtu wa kurudi kufunga mlango ambao nimekwisha kuufunga. Nikituma ujumbe, nausoma tena na tena mpaka nautilia shaka. Unadhani mtu kama huyo anaweza kukubali jambo kama hili bila kulipindua kila upande? Nimelipindua. Bado liko vilevile.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya informatique, mambo ya kompyuta, hapa Bunia. Baada ya kukaa nyumbani, mtaa wa Bigo, muda mrefu, nilipata kazi ya majaribio kwenye kampuni ndogo inayokodisha magari kwa watu wanaokwenda upande wa Djugu. Kazi yangu ilikuwa vile viboksi vya GPS. Labda umewahi kukiona kimoja: kidude kama kipande cha sabuni, kinabandikwa juu ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele. Hakina waya. Kinasikiliza satelaiti huko juu, kinajua gari liko wapi, kisha kinaiambia simu ya dereva kwa Bluetooth, na simu inatuma habari ofisini. Sisi ofisini tunaliona gari kama nukta ya kijani kwenye ramani.

Kwa hali ya usalama wa njia zetu, patro, yaani mwenye kampuni, alikuwa na sheria moja ambayo haikujadiliwa. Nukta ikipotea, dereva anasimama. Isiporudi, anageuza gari na kurudi Bunia. Hakuna kusema nilikuwa karibu kufika.

Mama yangu yuko Bule, kijiji cha upande huohuo wa Djugu. Anakaa peke yake katika nyumba aliyoijenga marehemu baba, na miguu yake haimfikishi tena hata kwenye maji. Nilimwomba mara nyingi aje Bigo. Jibu lake halikubadilika: "Sitatoka mu nyumba ya baba yako na gari ya watu, kama mutu mwenye wanafukuza. Kuya weye mwenyewe, unishike mukono, unitoe."

Patro alilijua hilo. Siku moja aliniita akaniambia: "Ile jipu nyeupe inanichokesha. Inapotea kila safari, Bule haijafika. Itengeneze. Siku itafika kule na kurudi, safari yenye kufuata unapanda weye, unaenda kuleta mama yako."

Sasa unaelewa kwa nini nilikuwa silali.

Tatizo lilianzia mjini. Jipu likiwa limesimama kabisa, nukta yake ilitembea. Gari liko kwenye njia kuu, ramani inaliweka ndani ya ua wa nyumba za watu, na siku zote upande wa kaskazini. Kadiri lilivyokaribia Nizi, kwenye machimbo ya dhahabu kabla ya kufika Bule, kosa lilikua, halafu nukta ikazimika. Nilijaribu yote niliyoyajua. Nilichaji betri, maana betri dhaifu hukifanya kiboksi kisikie vibaya. Nilibandua ile karatasi nyeusi ya kioo cha mbele, kwa kuwa nyingine zina chembe za chuma ndani yake na zinazuia satelaiti. Nilikisogeza mbali na redio. Nilifuta kwenye simu ya dereva viboksi vya magari mengine, ili simu isije ikaongea na kiboksi cha jirani. Nilikiacha nje chini ya anga wazi kipate muda wa kuzitafuta satelaiti bila haraka. Palepale uani kilikuwa kizima kabisa. Nikakipeleka kwenye gari jingine, likaenda Bule na kurudi bila shida. Nikaweka cha gari lile kwenye jipu jeupe, nacho kikapotea karibu na Nizi.

Basi kosa halikuwa kwenye kiboksi. Lilikuwa ndani ya gari. Lakini kitu gani ndani ya gari?

Ndiyo maana niliomba nipande mwenyewe. Dereva wa jipu jeupe anaitwa Bahati, mtu wa utani ambaye familia yake ilihamia hapa kutoka Butembo. Aliponiona na kompyuta yangu alicheka. "Leo universitaire anakwenda kuhesabu nyota mu jua," alisema. "Fungia mukanda, docteur."

Tulipotoka nje kidogo ya mji, Bahati alipunguza mwendo bila kuniambia kitu. Kando ya njia alisimama mwanamume mzima, amevaa koti zito katika joto lile. Alifungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa. Hakuna aliyesema wapi wala kiasi gani.

"Huyu ni nani?" nilimuuliza Bahati kwa sauti ya chini.

"Baba mumoja tu. Tunamubebaka. Usiambie patro, unajua abiria iko kitu alikataza."

"Mnambeba kila safari?"

"Kila safari. Anakwenda kwake Bule. Sasa GPS inapotea, tunageuza, naye anarudi. Hata siku moja hajanung'unika. Weye ungekuwa umeisha kulia."

"Mkirudi anashukia wapi?"

Bahati alifikiri kidogo. "Tukifika Bunia, nikigeuza kichwa, ameisha kushuka."

Alisema hivyo akicheka, na mimi sikucheka. Niligeuka kumsalimu yule baba. Kwenye mikunjo ya vidole vyake na ndani ya nyusi zake palikuwa na udongo mwekundu, kama wa wachimba dhahabu. Udongo ule ulikuwa na majimaji, na mvua ilikuwa haijanyesha siku hizo.

"Jambo, baba."

"Jambo, mutoto yangu." Sauti yake ilikuja kama ya mtu anayezungumza upande wa pili wa ukuta.

Tulipokaribia Nizi, satelaiti kwenye skrini ya kompyuta yangu, niliyoiunganisha na kiboksi, zilianza kupungua. Hazikukatika kwa ghafla. Zilizimika moja moja, kama taa za mtaani watu wanapokwenda kulala. Nilimwambia Bahati asimame mahali pa wazi kabisa, pasipo miti wala mlima. Kisha nikafanya kama nilivyofundishwa: unaondoa kitu kimoja, unapima, unakirudisha, unaondoa kingine. Nilitoa kiboksi dashibodini, nikakiweka juu ya boneti. Hakuna satelaiti. Nilizima redio. Hakuna. Nilizima injini, nikapeleka kompyuta mbali, nikamwomba Bahati ashuke na simu zake zote. Hakuna.

Kilichobaki kuondolewa ndani ya gari kilikuwa mtu.

Nilimwomba kwa heshima ashuke asogee kidogo. Alishuka, akaenda kando ya njia, na satelaiti zikajaa. Aliporudi, zikaisha. Nilirudia mpaka Bahati akaacha utani. Je, ana chuma mwilini? Ana mashine mfukoni? Nilimuuliza. Aligeuza mifuko ya koti, na kilichoanguka ni udongo.

Mtu mwenye akili angerudi mjini. Mimi niliwaza kuhusu Bule. Niliwaza kwamba kipimo kimoja kilikuwa kimebaki, kile ambacho fundi yeyote hukifanya: unatoa kitu unachokishuku, unaweka kizima mahali pake. Kama nikikaa mimi pale na satelaiti zisionekane, basi kosa ni la kiti, chini yake kuna chuma kinachogusana mtu akikaa, tutakitoa, jipu litafika Bule, nami nitamleta mama. Huoni kwamba lilikuwa wazo zuri? Hata leo naliona zuri.

"Baba, samahani," nilisema. "Bakia nje kidogo. Mimi nikae fasi yako, tuone."

Alishuka, akanishikia mlango. "Ni weye umesema."

"Ndiyo, baba."

"Mimi sikukuomba."

"Hapana, baba. Ni kazi tu."

"Unakubali kukaa fasi yangu?"

Bahati, pale nje, alijaribu kucheka. "Sasa munafunga ndoa?"

"Ninakubali," nilisema.

Nikakaa. Kiti kilikuwa baridi, na kilikuwa na harufu ya shimo refu, harufu ya mahali ambapo hewa haijapita. Masikio yangu yaliziba. Nilimwona Bahati, aliyekuwa akisoma skrini, akifungua na kufunga mdomo kabla sauti yake haijanifikia: bado hakuna. Basi ni kiti, niliwaza, na nikafurahi. Niamini, nilifurahi kabisa.

Nilishuka, nikachukua kiboksi na kompyuta, nikaenda navyo mbali kando ya njia ili nihakikishe. Anga lilikuwa tupu, la buluu, bila wingu. Skrini ikasema hakuna satelaiti. Nikamkabidhi Bahati kiboksi, akasogea nacho, zikajaa. Nikakirudisha mkononi mwangu, zikaisha. Yule baba alinyoosha kiganja chake, nami nikamwekea kiboksi bila kujua ninafanya nini. Satelaiti zilijaa kwenye skrini, nyingi kuliko nilizowahi kuona mahali popote.

Aliinua uso akatazama juu, akikunja macho kama mtu aliyetoka nje baada ya ugonjwa wa muda mrefu. Sauti yake sasa ilikuwa hapo hapo, karibu, sauti ya mtu.

"Aksanti, mutoto yangu," alisema. "Unisamehe."

Akaweka kiboksi juu ya boneti, akashika njia ya Bule kwa miguu. Hakugeuka nyuma. Bahati aliniuliza kama tumfuate, na kabla sijajibu simu yake ililia. Ni ofisini: nukta imepotea, mugeuze.

Siku iliyofuata mama alinipigia. Alisema polepole, kama anayeogopa kusikiwa na jirani. "Unakumbuka baba Furaha, wa nyumba ya pili? Mwenye alikwenda kuchimba Nizi, shimo ikamufunikia?"

Nilikumbuka jina, si sura. Matanga yake yalifanyika bila maiti wakati mimi nikiwa bado masomoni.

"Amerudi jana na miguu," mama alisema. "Amesalimu muke wake, amekula sombe, amelala. Asubui walikuta udongo tu pale kwa mukeka. Udongo mwekundu, mubichi. Wameuzika leo." Akaongeza: "Jana alisema kijana mumoja mwema alimupa fasi mu gari. Na weye, mutoto yangu, unakuya siku gani?"

Nilimwambia: hivi karibuni.

Wiki ile jipu jeupe, bila mimi ndani, lilifika Bule, na nukta haikutetereka hata kidogo. Patro alinishika mkono mbele ya wenzangu. Alitimiza neno lake: safari iliyofuata nilipanda mimi. Nilimnunulia mama kitenge. Karibu na Nizi satelaiti zilianza kuzimika moja moja, na Bahati akasimamisha gari bila kuambiwa. Hakunitazama. Aligeuza, tukarudi. Patro alijaribu tena na gari jingine, na dereva mwingine. Ilikuwa vilevile. Mwishoni aliniambia kwa upole kwamba hawezi kulipa mtu ambaye hawezi kukaa ndani ya gari.

Utasema, panda pikipiki, pikipiki haina kiboksi. Nilipanda. Mbele ya Nizi yule mwendeshaji alisimama akashangaa, akasema haoni tena njia inaelekea wapi, na njia pale ni moja tu, nyeupe, imenyooka. Akanirudisha. Nilijaribu kwa miguu pia. Nilitembea na jua mgongoni mpaka nikaona nyumba mbele yangu, nikashukuru, na zilikuwa nyumba za Bunia.

Mama bado anangoja. Amefunga nguo zake katika mfuko na ameuweka karibu na mlango. Hawezi kutoka na mwingine na sitamlazimisha. Nimemficha sababu, nasema kazi ni nyingi. Kila akinipigia, sauti yake iko mbali zaidi, na ananiambia yangu pia iko hivyo, kama ninazungumza nyuma ya ukuta. Ninapokaa chumbani kwangu Bigo na kufungua ramani kwenye simu, nukta yangu haiko Bigo. Mwanzo ilikuwa uani kwa jirani. Halafu ikawa nje ya mji. Sasa iko kwenye mashimo ya Nizi, na inakaa hapo bila kutembea. Nimechaji betri. Nimebadili simu. Nimesimama nje chini ya anga wazi, nikangoja.

Jana, nilipokuwa nikinawa, nilikuta udongo kwenye mikunjo ya vidole.

Kwa hiyo nakuambia wewe unayesoma, hasa kama ni dereva au fundi, mtu mwenye moyo wa kusaidia. Ukiona kiboksi chako hakioni kitu mchana kweupe, na nyuma amekaa abiria mkimya, mrudishe mjini, mwombe msamaha, uende zako. Usimwambie ashuke ili ukae mahali pake. Hata kama ni kijana mpole wa Bigo mwenye kitenge kipya mkononi, na amekuambia ana mama mgonjwa Bule. Huyo hatakuwa mtu mwingine. Nitakuwa ni mimi. Sitakuomba, maana haiwezekani kuomba. Lakini ukisema mwenyewe, nitakuuliza mara moja tu kama unakubali, na sitakueleza kwa nini ninauliza.